Warumi wa Rafu ya Dini

Kijana mmoja alikuja nyumbani kwangu Nabuyonga juzi, simu mkononi, akasema anasoma historia ya Wagiriki na Warumi wa kale na ameambiwa mimi ndiye mtu wa kuuliza habari za vyanzo. Nikamuuliza mpaka sasa amepata nini. Akaniinulia simu. Nikamuuliza aliyeandika hayo ni nani. "Imeandikwa tu, bibi," akasema. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa ameniletea sukari na mkate, na mimi nikianza kusema watu huwa wanaondoka wamenuna. Kwa hiyo nimekaa kuyaandika. Ayasome akiwa kwao, yeye na wenzake, akinuna anune huko huko.

Mimi sikuwa mwalimu wa historia. Nilikuwa mfanyakazi wa maktaba, kwanza Jinja, halafu Mbale, mpaka waliponistaafisha. Kigiriki sijui, Kilatini sijui. Nilichojua ni kitu kiko wapi, na kama hakipo, nani anaweza kujua kilipo. Baba yangu alitoka Mombasa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo Jinja, nasi tukakulia Walukuba kwenye nyumba za wafanyakazi. Ndiyo maana Kiswahili changu ni cha nyumbani. Majirani walikuwa wamekiokota kiwandani. Hilo la Kiswahili nitalirudia, maana liliwahi kuniponza.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Ramji, Mhindi mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Siku za mwanzo alinipa kitabu kinene cha historia ya Ugiriki, akaniambia nikitazame kisha nimweleze kama ni kizuri. Nikaanza ukurasa wa kwanza, kama mtu mwenye akili zake. Akanitazama kidogo, akakichukua, akakipindua, akafungua nyuma. "Kitabu unaanza mkiani," akasema. Mkiani kuna faharasa, yaani majina yote yaliyomo na kurasa zake. Kuna na tanbihi, ambamo mwandishi anaeleza alikoyatoa anayoyasema. Kama mkia haupo, mnyama huyo usimlete nyumbani. Mimi nilicheka, yeye hakucheka.

Kutoka kwake nilijifunza kusoma tanbihi kabla ya kusoma kitabu. Zikitaja vitabu vya juzi tu, vya marafiki wa mwandishi, kiweke pembeni. Zikitaja watu wa kale wenyewe, na maneno yaliyochongwa kwenye mawe, na sarafu zilizochimbuliwa, vuta kiti ukae. Angalia pia nani kafasiri, na lini, na kama katika dibaji anakiri mahali aliposhindwa. Mfasiri ambaye hakushindwa popote, mimi simwamini. Maandishi hayo yalinakiliwa kwa mkono miaka na miaka na watu waliokuwa na njaa na usingizi kama wewe, kwa hiyo lazima kuna mahali hapasomeki.

Bwana Ramji aliondoka Uganda pamoja na Wahindi wenzake, serikali ya wanajeshi ilipowafukuza. Alinikabidhi funguo, akanikumbusha nifunge dirisha la upande wa ziwa kwa sababu ya unyevu. Hakusema jingine. Nilikuwa na hasira muda mrefu baada ya hapo, na sijui hata nilikuwa nimemkasirikia nani.

Sasa majina. Nilipohamishiwa Mbale, mwanafunzi mmoja wa sekondari aliniomba kitabu cha vita kati ya Wayunani na Wagiriki. Nikamwambia hakuna. Akasema lazima kiwepo, kwa sababu kanisani wanasomewa habari za Wayunani, na shuleni wanafundishwa habari za Wagiriki, na mataifa mawili yanayokaa karibu namna hiyo hayawezi kukosa kupigana. Hoja ilikuwa nzuri, ila tu ni watu wale wale. Jina la Wagiriki walipewa na Warumi, na la Wayunani lilitoka kwa majirani wa mashariki. Nilipomweleza hivyo akakuna kichwa, akauliza, "Sasa wenyewe walijiitaje?" Walijiita Wahelene. Swali lake nikalichukua likawa langu, na nawaachia nyinyi. Kabla hujatafuta habari za watu wowote, uliza wenyewe walijiitaje, kisha uliza majirani waliwaitaje, halafu ndiyo ufungue faharasa. La sivyo utasema kitabu hakina kitu, kumbe kinacho kwa jina lingine.

Halafu vikaja vita. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, askari waliokuwa wakikimbia walilala ndani ya maktaba yetu Mbale. Ilikuwa majira ya mvua, kuni zimelowa, vitabu vikavu. Niliporudi nilikuta majivu mpaka kwenye ngazi. Walikuwa wamechoma uchumi, wamechoma jiografia, na historia yote imekwenda isipokuwa vile vilivyokuwa vimeazimwa. Rafu ya dini hawakuigusa. Hata vumbi lake lilikuwa pale pale. Mtu amefanya mambo ya kutisha mchana kutwa, jioni anaogopa kuchemshia chai kitabu chenye msalaba kwenye jalada. Nikakaa kwenye ngazi nikalia, kisha nikatafuta ufagio.

Vita hivyo vilinifundisha jambo ambalo Bwana Ramji hakunifundisha. Walukuba mama yangu alikuwa na majirani wawili. Mmoja alikuwa amesimama njiani jeshi lililowafukuza askari hao lilipovuka mto kuingia Jinja. Ukimuuliza aliona nini anakwambia, "Nimeona vumbi. Halafu nimeona miguu." Basi, hana zaidi. Mwingine alikuwa chini ya kitanda tangu asubuhi, na yeye anakusimulia vifaru, bendera, na jemadari akinyoosha mkono kuelekea mjini. Sisi sote tulikuwa tunakwenda kumsikiliza yule wa chini ya kitanda. Mkikuta mwandishi wa kale anawapa majemadari hotuba tamu kabla ya vita, mwulizeni alikuwa wapi. Wengi walikuwa chini ya kitanda, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Msiwatupe. Wasomeni, ila mjue mnamsikiliza nani, na yule wa vumbi na miguu mkimpata mmshike sana.

Ndipo nifike kwa Nambozo.

Alikuja miezi kadhaa baada ya kufungua tena, tulipokuwa bado tunakalia masanduku. Msichana wa kidato cha juu, sare imefuliwa mpaka imepauka, karatasi imekunjwa ndani ya kiganja. Kadi yake ya maktaba ilisema Nambozo, jina la Kigisu, la wenyeji wa Mbale. Lakini alipoongea nilisikia Kiswahili cha nyumba za Wanubi, kile chenye maneno ya Kiarabu katikati. Wanubi ni Waislamu wa siku nyingi katika miji yetu. Vijana wao wengi walikuwa jeshini, na serikali ile ilipoanguka, jina hilo peke yake lilitosha watu kuja kuvunja mlango wako. Mimi si Mnubi, na bado niliwahi kuzungukwa sokoni kwa sababu ya kuomba chumvi kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilielewa kwa nini anajiita Nambozo. Sikumuuliza.

"Mama," akasema, "natafuta kitabu kinachosema Warumi walikuwa wanaongea Kigiriki."

Nikamwambia Warumi waliongea Kilatini. Akafungua karatasi. Ilikuwa mtihani wa shule wa historia ya kale. Swali lilisema: eleza jinsi utawala wa Warumi ulivyofika mwisho. Wenzake walikuwa wameandika yaliyomo kwenye kitabu cha darasa, kwamba makabila ya kaskazini yaliingia mji wa Roma na mambo yakaisha. Yeye aliandika kwamba mfalme wa mwisho wa Rumi alikufa kwenye ukuta wa mji wake akipigana na Waturuki, na kwamba watu wake walikuwa wakisali kwa Kigiriki. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza, naye neno hilo aliliandika kama alivyolisikia, Rum. Sasa rum kwa Kiingereza ni pombe kali. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu, "Rum ni pombe. Roma ni mji." Chini yake akaweka sifuri, na chini ya sifuri, "Umeyatoa wapi haya?"

Mwalimu huyo, Bwana Wandera, nilimjua. Alikuwa mtu mkali, ila mtu wa haki. Aliyefaulu mtihani wake ndiye aliyesajiliwa kufanya mtihani wa taifa, na usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Alikuwa amemwambia msichana alete chanzo kilichochapishwa kabla ya hapo, la sivyo sifuri ibaki. Na kwao Namatala walikuwa wameshaelewana: asiposajiliwa, shule imekwisha, anakwenda kukaa kwa shangazi yake Bugiri akauze mihogo.

"Nieleze mimi," nikasema. "Uliyatoa wapi kweli?"

Akatazama mlango kwanza. "Kwa babu. Anafundisha chuo cha Kurani nyumbani. Huko Rumi, kwa Kiarabu Rum, ndio huo mji wa Wagiriki." Akakunja karatasi upya. "Lakini siwezi kumwambia mwalimu, mama. Nikimtaja babu nimejitaja."

Hapo nikaona ukubwa wa jambo lenyewe. Alikuwa na chanzo, na hawezi kukitaja. Alitaka kitabu kisimame mahali pa babu yake. Nikamwonea huruma, na pia nikamwona amekosea, maana mimi mwenyewe nilisoma chuo utotoni. Warumi wa chuo nilikuwa nimewaweka sanduku moja, wa shule sanduku lingine, na sikuwahi kufikiri kwamba wanajuana. Tukafungua kitabu kimoja cha Roma kilichokuwa kimesalia, tukaanza mkiani kama kawaida. Chini ya jina Roma hakukuwa na Waturuki wala Kigiriki cha kusalia. Nikamwambia arudi Alhamisi, bila kumpa matumaini.

Juma hilo nilikuwa nakwenda Jinja kumwona mama, nikakichukua kile kitabu nikisome njiani. Kwenye kizuizi cha barabarani tukateremshwa. Askari akakuta kitabu mkobani mwangu.

"Kitabu ya nini hii, mama?"

"Ya Warumi, afande."

Akakipekua, akakuta picha ya mtu mwenye upanga. "Hawa Warumi iko upande ya nani?"

"Walikwisha zamani, afande."

"Nani alimaliza hao?"

Nikamwambia ndilo hasa ninalolitafuta. Akanirudishia kitabu kwa heshima, akaniambia nikijua nipite tena nimwambie. Sikupita, ila nakiri aliuliza vizuri kuliko wasomaji wangu wengi.

Pale Walukuba alikuwepo Mzee Yani, fundi aliyekuja zamani kutengeneza mitambo ya pamba, akaoa Msoga, na vita vyote vikamkuta pale pale akitengeneza pampu za watu. Alifanya kazi na marehemu baba. Mtaa mzima ulimwita Mgiriki, kwa hiyo nikaona nimuulize yeye kabla ya kurudi mikono mitupu.

"Mzee Yani, Warumi walikuwa nani?"

"Mimi," akasema, bila kuinua kichwa kwenye pampu.

Nilidhani hakusikia. "Wewe si Mgiriki?"

"Mgiriki ni jina ya pasipoti. Kwa mama yangu hapana Mgiriki. Mama naita sisi Romyi. Rumi." Akatafuta spana, nikampa. "Lugha yetu mama naita Kirumi."

"Lakini ni Kigiriki."

"Ndiyo, Kigiriki. Jina yake Kirumi. Wewe binti ya Salimu, mbona ngumu hivi?"

Akafuta mikono, akanieleza. Alizaliwa kwenye mji wa pwani ambao leo ni wa Waturuki. Zamani nchi ile yote ilikuwa ya Warumi waliobaki mashariki, na mji wao mkuu nyumbani kwao waliuita Mji tu, kama vile hakuna mwingine duniani. "Mfalme alikufa kwa ile Mji, kwa ukuta. Zamani sana. Mama alikuwa nalia kama alikufa jana." Nikamuuliza vitabuni wanaitwaje. Akacheka. "Watu ya vitabu walipa hawa jina mpya. Bizanti. Ile watu yenyewe ukiita Bizanti, hakuna moja nageuka."

Mkewe akatoa kichwa dirishani, akamwambia mfalme aje ale, chakula kinapoa. Mzee Yani akaenda.

Nirudi basi na nini? Mdomo wa Mzee Yani haukuwa kitabu. Bwana Wandera angeuliza Mzee Yani alikuwa wapi mfalme akifa, na angekuwa na haki. Lakini nilikuwa nimepata jina la kutafuta, na katika kazi yetu jina ni nusu ya safari. Mkiuliza mahali mkaambiwa hakuna, msiondoke. Badilisheni jina muulize tena.

Alhamisi nilipekua masalio yote ya historia. Hakuna Bizanti. Msichana alikuwa ameketi kwenye sanduku, ananitazama mikono. Nikajiuliza, watu hawa walipopoteza mji wao, nani alihuzunika akaandika? Watu wa dini. Nikageuka. Rafu ya dini ilikuwa nyuma yangu, imejaa tele, haijapungua hata ukurasa. Nilikuwa nikiifuta vumbi kila wiki na sikuwahi kufikiri kwamba historia ilikuwa imejificha pale wakati dada zake wanachomwa kupikia ugali.

Kitabu kilikuwa cha historia ya makanisa ya mashariki, kizito, kimeandikwa na padri wa Kizungu. Mkia wake ulikuwa mrefu ajabu. Chini ya Roma kulikuwa na habari za maaskofu tu. Chini ya Bizanti kulikuwa na safu nzima. Tulikisoma pamoja mpaka wakati wa kufunga, na hapo nilimfundisha jinsi ya kumsoma mtu mwenye chuki. Padri yule aliwachukia Waturuki, na Wagiriki vilevile hakuwapenda, kwa sababu hawakuwa wa kanisa lake. Anapotukana, pita. Anapotaja ukuta, lango, njia, na nani alisimama wapi, simama. Na anapokubali jambo linalomuuma, hapo weka kidole. Mahali fulani alilalamika kwamba watu wale walikuwa na kiburi cha kujiita Warumi mpaka siku ya mwisho, ilhali lugha yao ni Kigiriki na askofu wa Roma hawamtii. Tukashuka kwenye tanbihi. Ilimtaja mtu aliyekuwa ndani ya mji ulipozingirwa, akaandika siku kwa siku. Huyo ndiye wetu wa vumbi na miguu.

Vitabu vya rafu ile haviazimwi, kwa hiyo Ijumaa asubuhi kitabu kilikwenda shuleni pamoja na mimi. Lazima niwaambie jambo moja kuhusu Bwana Wandera. Kaka yake alichukuliwa na watu wa serikali ile ya wanajeshi, mbele ya watoto wake, na hakurudi. Tangu hapo Bwana Wandera hakusema Kiswahili, wala hakutaka kisemwe nyumbani kwake, kwa sababu waliomchukua kaka yake walimchukua kwa Kiswahili. Hata nami aliongea Kiingereza tu, kwa adabu. Sikumlaumu, ila nilikuwa nikimwogopa.

Alipokea kitabu, akakipindua, akaanza nyuma. Nikatulia kidogo. Akasoma ukurasa tuliouwekea kipande cha karatasi, akasoma tanbihi, akarudi juu.

"Mwandishi huyu anawachukia watu hawa," akasema.

"Ndiyo, sir," msichana akajibu. "Kwa hiyo hapo namwamini. Hakutaka kuwapa hilo jina."

Bwana Wandera akasoma tena. Kisha akauchukua ule mtihani, akakata mstari uliosema Rum ni pombe. Akasema swali lake halikueleza Warumi wa upande gani, na hilo ni kosa la swali. Akamwambia pia kwamba amewasahau kabisa Warumi wa upande wa pili, kana kwamba Roma yenyewe haikuwahi kuwepo, na hilo ni kosa lake yeye. Akafuta sifuri, akampa alama ya kufaulu, chini kabisa ya kufaulu. Mimi nilitaka ampe zaidi, nikakasirika kimoyomoyo. Siku hizi naona alipima sawa.

Nikanyoosha mkono nichukue kitabu changu. Akakiwekea kiganja.

"Swali langu la pili halijajibiwa," akasema, akigonga wino mwekundu kwa kidole. "Kitabu hiki umekiona jana. Mtihani uliufanya kabla. Umeyatoa wapi haya?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kazi yangu yote ilikuwa kufuata vitu mpaka vilikotoka, na sikuona kwamba yeye naye angefuata. Msichana akanitazama. Nikatafuta uongo wa haraka, mhubiri fulani, gazeti fulani, sikuupata, nikabaki kutazama ubao.

"Kwa babu yangu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Anafundisha chuo Namatala. Sisi ni Wanubi, sir."

Nje watoto walikuwa wakifagia uwanja. Bwana Wandera alikuwa anatazama mikono yake juu ya kitabu, na mimi nilikuwa nahesabu hatua za kufika mlangoni, sijui nilidhani tutakimbilia wapi. Hakuuliza baba wa msichana yuko wapi. Hakuuliza kaka zake walikuwa nani.

Akavuta karatasi za usajili, akafungua kalamu. Aliandika N, kisha akasita.

"Cheti kitakuwa na jina hili maisha yako yote," akasema kwa Kiingereza. "Nyumbani wanakuitaje?"

"Zamzamu."

Akaikata ile N kwa mstari mmoja. Akaweka kalamu kwenye karatasi, akaiinua tena, na alipouliza hakuuliza kwa Kiingereza.

"Zamzamu," akasema polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Hiyo z iko ngapi?"

"Mbili, mwalimu."

Akaziandika zote mbili.